Barafu ya bahari: jinsi unene wake unavyopimwa kutoka angani

Barafu inayoelea juu ya Bahari ya Aktiki, kaskazini kabisa mwa dunia, inapungua eneo na pia inazidi kuwa nyembamba. Kupungua kwa eneo kunaonekana wazi katika picha za setilaiti. Unene hauonekani katika picha yoyote, kwani karibu sehemu tisa kati ya kumi za barafu hiyo zimezama majini.

Hata hivyo, tangu mwanzoni mwa karne hii wanasayansi wamekuwa wakichora ramani za unene huo kwa msaada wa setilaiti zinazopita mamia ya kilomita juu ya barafu. Nyenzo yao kuu ni mawimbi mafupi ya redio, yale yale ya jamii ya maikrowevu yanayotumika katika rada, simu za mkononi na majiko ya kupashia chakula.

Ramani hizo hutegemewa na manahodha wa meli, watabiri wa hali ya hewa, na watafiti wanaotaka kujua ni lini bahari hiyo itabaki bila barafu wakati wa kiangazi.

Lakini setilaiti haipimi unene wenyewe. Inachopima kwa sehemu kubwa ni kimo cha sentimita chache za barafu zilizo juu ya maji. Yaliyobaki ni hesabu, na kosa dogo katika sentimita hizo huwa kosa kubwa katika jibu.

Eneo na unene

Barafu ya bahari ni tofauti na barafu ya milimani au ile ya Greenland. Barafu ya Greenland ni theluji ya maelfu ya miaka iliyoshindiliwa juu ya nchi kavu. Barafu ya bahari ni maji ya bahari yenyewe yaliyoganda. Kwa sababu ya chumvi, maji hayo huganda kwenye nyuzi 1.8 hivi za Selsiasi chini ya sifuri.

Kila mwaka barafu ya Aktiki hutanda wakati wa baridi na kufikia upeo wake mwezi Machi, kisha huyeyuka na kufikia kiwango chake cha chini mwezi Septemba. Mwezi Machi mwaka 2025 eneo lake lilikuwa kilomita za mraba milioni 14.33, dogo kuliko upeo wa mwaka mwingine wowote uliowahi kurekodiwa na setilaiti hadi wakati huo.

Kwa upande wa Septemba, mwaka uliovunja rekodi ni 2012, ambapo barafu ilibaki kwenye kilomita za mraba milioni 3.4 tu. Kumbukumbu hizo za eneo zimewekwa bila kukatika tangu mwishoni mwa mwaka 1978.

Eneo peke yake, hata hivyo, halielezi mambo yote. Bahari mbili zaweza kufunikwa na barafu yenye eneo lile lile, moja ikiwa na barafu ya mita tatu na nyingine ya mita moja. Katika picha zitafanana. Kiangazi kikifika, ile ya mita moja inaweza kutoweka yote, na ile ya mita tatu ikadumu hadi baridi inayofuata.

Unene pia ndio unaoamua joto kiasi gani linapita kati ya bahari na hewa. Wakati wa baridi, barafu nene huwa kama blanketi linaloyazuia maji yasipoteze joto lake. Barafu nyembamba huliachia joto hilo lipite, na ndiyo maana maji yaliyo chini yake huganda upesi zaidi.

Ukizidisha eneo kwa unene unapata ujazo, yaani kiasi chote cha barafu kilichopo. Huo ndio unaoonyesha ni joto kiasi gani limetumika kuiyeyusha, na ni kiasi gani kimesalia.

Keekee na nyambizi

Njia ya kale na ya hakika ya kupima unene ni kutoboa barafu kwa keekee na kuteremsha kamba yenye vipimo. Jibu lake ni sahihi, lakini ni la tundu moja. Bahari ya Aktiki ina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba milioni 14, na barafu yake haitulii. Upepo na mikondo huisukuma, ikapasuka, ikagongana na kurundikana kuwa matuta.

Hatua kubwa ilitokana na mashindano ya kijeshi. Tarehe 3 Agosti mwaka 1958, nyambizi ya Marekani inayoendeshwa kwa nguvu za nyuklia, USS Nautilus, ilipita chini ya Ncha ya Kaskazini. Nyambizi hiyo na nyingine zilizoifuata zilikuwa na vyombo vya kutuma sauti kuelekea juu na kusikiliza mwangwi wake, ili zijue kina cha barafu iliyokuwa juu yao.

Kwa miaka mingi vipimo hivyo vilikuwa siri. Vita Baridi vilipomalizika, sehemu yake ilitolewa kwa wanasayansi.

Mwaka 1999 Drew Rothrock na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington nchini Marekani walilinganisha safari za kati ya 1958 na 1976 na zile za miaka ya 1990. Waligundua kwamba kina cha wastani cha barafu mwishoni mwa kiangazi kilikuwa kimeshuka kutoka mita 3.1 hadi mita 1.8, sawa na upungufu wa takriban asilimia 40.

Takwimu hizo ziliwashtua wengi. Lakini nyambizi hupita njia chache, na hazisafiri kila mwezi. Palihitajika chombo cha kuizunguka bahari yote, mwaka baada ya mwaka.

Kuona gizani

Katika Aktiki usiku wa majira ya baridi hudumu kwa wiki nyingi, na kwenye ncha yenyewe jua halichomozi kwa karibu miezi sita. Kunapokucha, mara nyingi anga hufunikwa na mawingu. Kamera ya kawaida inayotegemea mwanga haina msaada mkubwa huko.

Mawimbi ya maikrowevu hayahitaji jua, na mengi kati yake hupenya mawingu. Kwa sababu hiyo yamekuwa macho ya wanasayansi katika ncha za dunia.

Vyombo vinavyotumia mawimbi hayo ni vya aina mbili. Rada hutuma mawimbi yake yenyewe kisha hungoja mwangwi. Radiometa haitumi kitu. Husikiliza mawimbi hafifu yanayotoka katika kila kitu chenye joto, ikiwemo barafu na maji.

Katika kupima unene, rada imefaa zaidi kwa barafu nene, na radiometa kwa barafu nyembamba.

Ubao ulio juu ya maji

Kanuni inayotumiwa na rada inajulikana na kila baharia. Jahazi likipakiwa mzigo huzama zaidi, na mtu aliye ufukweni akitazama ubao uliobaki juu ya maji anaweza kukisia uzito uliomo. Barafu nayo huelea kwa kanuni hiyo hiyo. Ukijua kimo cha sehemu iliyo juu ya maji, na uzito wa barafu ukilinganishwa na wa maji, unaweza kukokotoa sehemu iliyozama.

Setilaiti hutuma mapigo ya mawimbi kuelekea chini na kupima muda yanaotumia kwenda na kurudi. Kutokana na muda huo hujulikana umbali. Umbali hadi kwenye barafu hulinganishwa na umbali hadi kwenye maji yanayoonekana katika mipasuko iliyo kati ya vipande vya barafu. Tofauti yake ndiyo kimo cha barafu juu ya maji.

Tatizo la kwanza lilikuwa kutofautisha mwangwi wa barafu na wa maji. Maji yaliyo ndani ya mpasuko mwembamba hutulia kama kioo, na mwangwi wake hurudi mkali na wa ghafla. Mwangwi wa barafu, yenye mabonde na matuta, hurudi ukiwa umetawanyika. Tofauti hiyo ndiyo iliyofungua mlango.

Seymour Laxon wa University College London alikuwa miongoni mwa waliotangulia kuitumia. Mwaka 2003 yeye pamoja na Neil Peacock na Doug Smith walichapisha katika jarida la Nature vipimo vya unene wa barafu ya Aktiki kati ya 1993 na 2001. Walitumia rada za setilaiti za Ulaya ziitwazo ERS, ambazo hazikubuniwa kwa kazi hiyo. Setilaiti hizo zilifika latitudo ya nyuzi 81.5 tu, kwa hiyo eneo linaloizunguka ncha yenyewe lilibaki bila vipimo.

Usahihi unaotakiwa ni mkubwa mno. Kutoka kimo cha kilomita 717, pigo la rada huenda na kurudi kwa muda usiofika sehemu tano za elfu za sekunde. Kosa la sentimita mbili katika umbali ni sawa na kukosea muda huo kwa takriban sehemu moja ya kumi ya bilioni moja ya sekunde.

Na sentimita mbili si jambo dogo. Kwa kuwa sehemu kubwa ya barafu imezama, kosa lolote la kimo huzidishwa kwa karibu kumi. Sentimita mbili za juu huwa karibu sentimita 20 katika unene. Kwa sababu hiyo wataalamu hawategemei pigo moja. Hukusanya vipimo vingi vya mwezi mzima na kutafuta wastani wake, ili makosa ya huku na huku yafutane.

Habari njema kutoka Malindi

Mwishoni mwa miaka ya 1990, Duncan Wingham, naye wa University College London, alipendekeza setilaiti iliyobuniwa hasa kwa ajili ya barafu. Shirika la Anga za Juu la Ulaya, ESA, lilikubali, na setilaiti hiyo ikaitwa CryoSat.

Safari yake ya kwanza haikufika mbali. Tarehe 8 Oktoba mwaka 2005 roketi iliyoibeba kutoka Plesetsk nchini Urusi ilipata hitilafu, na setilaiti ikaanguka katika bahari ile ile ya Aktiki iliyokusudiwa kuichunguza.

ESA iliamua kujenga nyingine. CryoSat-2 ilirushwa kutoka Baikonur nchini Kazakhstan tarehe 8 Aprili mwaka 2010, ilipokuwa saa kumi na moja kasoro dakika tatu jioni kwa saa za Afrika Mashariki. Dakika 17 baadaye ulipokelewa mlio wa kuthibitisha kwamba setilaiti imejitenga salama na roketi yake. Kituo kilichoupokea ni kile cha Malindi, katika pwani ya Kenya.

Rada ya CryoSat-2 hutumia mawimbi yenye urefu wa sentimita mbili na kidogo. Kwa kuunganisha mapigo mengi yanayofuatana, huweza kutenga ukanda wa mita 300 hivi kwenye njia yake, hivyo huona mipasuko midogo ambayo rada za awali ziliikosa. Njia yake huifikisha latitudo ya nyuzi 88, na kuacha duara dogo tu kuizunguka ncha.

Setilaiti hiyo ilikusudiwa kufanya kazi kwa muda usiozidi miaka michache. Ilipofika Aprili 2025 ilikuwa imetimiza miaka 15, na bado ilikuwa kazini.

Mzigo wa theluji

Kikwazo kikubwa kuliko vyote hakimo ndani ya barafu, bali kiko juu yake. Barafu ya Aktiki hufunikwa na theluji, na theluji huvuruga hesabu kwa njia mbili.

Kwanza, theluji ni mzigo. Huikandamiza barafu chini, kama shehena inavyolikandamiza jahazi. Mfano utaonyesha uzito wa jambo hili. Barafu changa ambayo kimo chake juu ya maji ni sentimita 20, ikiwa haina theluji, unene wake ni mita 1.9 hivi. Barafu yenye kimo hicho hicho, lakini iliyobeba theluji ya sentimita 20, unene wake ni mita 2.5. Rada itakuwa imesoma kimo kile kile, lakini majibu yanatofautiana kwa sentimita 60.

Pili, mawimbi ya rada hulazimika kupita ndani ya theluji kabla ya kuifikia barafu. Humo mwendo wake hupungua kwa karibu moja ya tano, na kupungua huko lazima kurekebishwe. Isitoshe, hesabu nyingi zimechukulia kwamba mwangwi hutoka kwenye uso wa barafu, chini ya theluji. Theluji ikiwa imelowa, au ikiwa imefyonza chumvi kutoka kwenye barafu changa, mwangwi unaweza kurudi kutoka juu zaidi. Mwangwi ukirudi sentimita tano juu ya barafu, unene utakaokokotolewa utazidi ule wa kweli kwa karibu nusu mita.

Je, kina cha theluji hujulikanaje? Kwa muda mrefu wanasayansi walitegemea vipimo vilivyokusanywa kwa mikono na Wasovieti waliokuwa wakiishi katika vituo vinavyoelea na barafu kati ya 1954 na 1991. Stephen Warren na wenzake walivichapisha mwaka 1999 kama wastani wa kila mwezi.

Lakini wastani wa enzi hizo ni wa barafu kongwe, iliyokusanya theluji tangu mwisho wa kiangazi. Siku hizi sehemu kubwa ya barafu huanza kuganda kwa kuchelewa, na theluji inayoanguka kabla ya hapo hupotelea baharini. Kwa ajili hiyo, wengi hupunguza kwa nusu kina hicho wanapokokotoa barafu ya mwaka mmoja.

Ufumbuzi unaotafutwa ni kupima theluji na barafu kwa pamoja. Mwaka 2018 Shirika la Anga za Juu la Marekani, NASA, lilirusha ICESat-2, inayotumia miale ya leza. Leza hurudi kutoka juu ya theluji, na rada hurudi kutoka karibu na chini yake. Tofauti ya vimo hivyo viwili hudokeza kina cha theluji. Mwaka 2020 ESA iliinua njia ya CryoSat-2 kwa muda usiofika kilomita moja ili setilaiti hizo mbili zipite juu ya barafu ile ile kwa kuachana saa chache. Upungufu wa leza ni kwamba haipenyi mawingu mazito.

Utafiti huo uliendelea pia juu ya barafu yenyewe. Kati ya Oktoba 2019 na Septemba 2020, katika msafara ulioitwa MOSAiC, meli ya Ujerumani iitwayo Polarstern iliachwa ielee na barafu ya Aktiki. Wanasayansi walisimika rada juu ya barafu ili waone mwangwi unatoka wapi hasa theluji inapobadilika.

Barafu nyembamba

Kwa barafu isiyofika nusu mita, njia ya rada hushindwa. Kimo chake juu ya maji ni sentimita chache tu, ambazo hazizidi kosa la kipimo chenyewe.

Hapa ndipo radiometa inapofaa. Setilaiti ya ESA iitwayo SMOS, iliyorushwa Novemba 2009, ilibuniwa kupima unyevu wa udongo na chumvi ya bahari. Ina mikono mitatu yenye vipokezi 69, na husikiliza mawimbi yenye urefu wa sentimita 21, yaani karibu mara kumi ya yale ya CryoSat.

Katika mawimbi hayo, maji ya bahari huonekana hafifu na barafu huonekana angavu. Barafu ikiwa nyembamba, radiometa huona kiasi fulani cha maji yaliyo chini yake. Kadiri inavyonenepa, ndivyo mng'ao unavyoongezeka. Lars Kaleschke na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hamburg walionyesha mwaka 2012 kwamba mng'ao huo unaweza kugeuzwa kuwa kipimo cha unene, hadi kufikia takriban nusu mita. Zaidi ya hapo mng'ao hauongezeki tena, na SMOS haiwezi kutofautisha barafu ya mita moja na ya mita mbili.

Njia hii nayo ina mipaka. Joto la barafu na kiasi cha chumvi yake hubadilisha mng'ao, na doa moja la SMOS lina upana wa makumi ya kilomita. Lakini nguvu ya mmoja ni udhaifu wa mwenzake. Taasisi ya Alfred Wegener ya mjini Bremerhaven, Ujerumani, huunganisha vipimo vya SMOS na vya CryoSat-2 katika ramani moja ya unene wa Aktiki kwa majira ya baridi, kuanzia Oktoba hadi Aprili.

Kiangazi na Kusini

Kwa miaka mingi ramani zilikatika mwezi Mei na kurudi Oktoba. Wakati wa kiangazi theluji huyeyuka na kuacha vidimbwi juu ya barafu. Maji ya vidimbwi hivyo hung'aa katika rada sawasawa na maji ya mipasuko, na hesabu ya kimo huvurugika.

Mwaka 2022 kundi lililoongozwa na Jack Landy wa Chuo Kikuu cha Tromsø, Norway, lilichapisha vipimo vya kwanza vya Aktiki vya mwaka mzima kutoka CryoSat-2. Walitumia programu ya kompyuta iliyofundishwa kutambua tofauti ndogo kati ya mwangwi wa kidimbwi na wa mpasuko. Hatua hiyo ina maana kubwa kwa utabiri, kwa kuwa unene wa mwezi Mei na Juni ndio unaoashiria barafu itakayosalia Septemba.

Kuzunguka Antaktika, kusini mwa dunia, kazi ni ngumu zaidi. Huko theluji huwa nyingi kiasi cha kuizamisha barafu mpaka uso wake ukawa chini ya maji. Maji ya bahari hupenya, huilowesha theluji na kuganda nayo. Rada hupata shida kujua theluji inaishia wapi na barafu inaanzia wapi.

Vipimo vinasema nini?

Pamoja na mapungufu yote hayo, njia mbalimbali zinaelekeza upande mmoja.

Katharine Giles, mwenzake Laxon, aliongoza utafiti wa mwaka 2008 ulioonyesha kwamba katika majira ya baridi yaliyofuata kuyeyuka kukubwa kwa mwaka 2007, barafu ilikuwa nyembamba kwa wastani wa sentimita 26 kuliko wastani wa misimu sita.

Mwaka 2013 Laxon na wenzake walilinganisha vipimo vya leza vya 2003 hadi 2008 na vile vya CryoSat-2 vya 2010 hadi 2012. Ujazo wa barafu wakati wa vuli ulikuwa umepungua kwa takriban kilomita za ujazo 4,300, na mwishoni mwa baridi kwa takriban 1,500. Laxon hakuyaona matokeo hayo yakichapishwa; alifariki dunia kwa ajali mwezi Januari mwaka huo. Giles naye alifariki mwezi Aprili, baada ya kugongwa na lori akiendesha baiskeli mjini London.

Mwaka 2018 Ronald Kwok wa NASA aliunganisha kumbukumbu za nyambizi na za setilaiti. Alihitimisha kwamba katika eneo lililopitiwa na nyambizi, unene wa wastani karibu na mwisho wa kiangazi ulikuwa umepungua kwa mita mbili, sawa na asilimia 66, katika muda wa miongo sita.

Upungufu huo haushuki kama ngazi iliyonyooka. Baada ya kiangazi cha baridi cha mwaka 2013, CryoSat-2 ilionyesha ujazo wa vuli ukiwa asilimia 33 juu ya wastani wa miaka mitatu iliyotangulia. Ongezeko hilo la muda liliwakumbusha watafiti kwamba mwaka mmoja hautoshi kutoa hukumu, na kwamba barafu huitikia upesi joto linapopungua.

Wanaohitaji vipimo

Mara nyingi husemwa kwamba kuyeyuka kwa barafu hii kutazamisha miji ya pwani. Hilo si sahihi. Barafu inayoelea tayari imeyasukuma maji sawa na uzito wake, na ikiyeyuka haiongezi kina cha bahari kwa kiasi cha maana. Bahari inayopanda katika Lamu, Zanzibar au Mombasa hutokana na maji kutanuka kwa joto na kuyeyuka kwa barafu ya nchi kavu, kama ile ya Greenland.

Madhara ya barafu ya bahari yako kwingine. Barafu yenye theluji hurudisha angani sehemu kubwa ya mwanga wa jua. Maji meusi huunyonya. Barafu ikiondoka, bahari hupata joto, na joto hilo huchelewesha kuganda kwa mwaka unaofuata. Jopo la Umoja wa Mataifa la wataalamu wa mabadiliko ya hali ya hewa, IPCC, lilisema mwaka 2021 kwamba kuna uwezekano mkubwa Aktiki itabaki karibu bila barafu mwezi Septemba, angalau mara moja, kabla ya mwaka 2050.

Kwa meli zinazopita kaskazini mwa Urusi, tofauti ya nusu mita huweza kuamua kama chombo kitapita chenyewe au kitahitaji meli ya kuvunja barafu.

Kwa wenyeji ni suala la uhai. Katika pwani ya Labrador, Canada, Wainuit husafiri juu ya barafu kwenda kuwinda na kutembelea ndugu. Doa la ramani lenye upana wa kilomita kadhaa haliwezi kumwambia mwindaji kama barafu iliyo mbele yake itamhimili. Kwa hiyo mradi uitwao SmartICE huunganisha picha za rada, vifaa vya kupimia vinavyokokotwa kwa sleji, na ujuzi wa wazee wanaoifahamu barafu ya kwao.

Yanayotarajiwa

Ulaya inaandaa setilaiti mpya iitwayo CRISTAL, itakayobeba rada ya mawimbi ya aina mbili. Yale ya urefu wa milimita nane hivi yanatarajiwa kurudi kutoka karibu na uso wa theluji, na yale ya sentimita mbili kutoka chini zaidi. Kwa mara ya kwanza, chombo kimoja kitapima mzigo na ubao kwa wakati mmoja.

Hadi hapo, ramani za unene zinahitaji kusomwa pamoja na kiwango cha kosa kinachoambatana nazo. Tofauti ya sentimita chache kati ya mwaka mmoja na mwingine huenda ikawa ni ya theluji wala si ya barafu. Kupungua kwa mita mbili katika miongo sita, kulikoshuhudiwa na sauti kutoka chini ya maji, leza na rada kutoka angani, hakuwezi kuelezwa na theluji peke yake.